Ugaga wa Dola Mia Mbili

Wanafunzi watatu walikigombania kinywa cha Eufemia Barragán asubuhi ile ya Jumamosi, na mwenye kinywa akadhani wanamcheka.

Alikuwa amelala kwenye kiti cha kliniki ya chuo cha umma, taa usoni, karatasi ya kuzuia mate kifuani. Hakwenda kutibiwa. Alimsindikiza binti yake Yuridia, mwenye miaka ishirini, kuchukua fomu za kusomea usafishaji wa meno. Mlangoni walikuta tangazo kwamba siku hiyo watu wanapimwa meno bure, na Eufemia si mtu wa kuacha cha bure kimpite. Sasa msichana wa kwanza alikuwa amepitisha kichuma chake kwenye magego, akahesabu kwa sauti, akamwita mwenzake. Mwenzake akaja, akahesabu, akamwita wa tatu.

"Wanasema nini hawa?" Eufemia aliuliza, chuma kikiwa bado mdomoni. Kiingereza chake kilikuwa cha ghala la machungwa alikofanya kazi tu: kreti, haraka, kesho njoo mapema.

"Wanasema una ugaga mzuri sana, Mama," Yuridia akamtafsiria, haya imemshika mpaka masikioni.

"Ugaga mzuri ndio ugaga gani?"

Aliyemweleza ni yule wa tatu, mtu mzima kuliko wenzake, aitwaye Sonia Bettencourt. Kihispania chake kilichanganyika na Kireno cha bibi yake, lakini kilieleweka. Alisema mtihani wao wa mwisho haufanywi kwa mwanasesere wa plastiki. Kila mwanafunzi huja na mgonjwa wake mwenyewe, mwenye ugaga halisi, ule uchafu unaong'ang'ania meno, wa miaka, ulioganda kama saruji, tena uwe umeenea kiasi kilichoandikwa. Asiye na mgonjwa hana mtihani, na asiye na mtihani hana leseni. Wanafunzi wote wanawinda vinywa vibovu, na wenye vinywa vibovu hawapendi kufika kliniki.

"Nitakupa dola mia mbili, Bi Eufemia," Sonia alisema, na wale wenzake wakarudi nyuma maana hawakuwa na mia mbili. "Mia leo, mia siku ya mtihani. Sharti ni moja tu. Mpaka siku hiyo, mtu asikuguse meno."

Kwenye gari Eufemia alicheka mpaka akafuta machozi, kiganja kikiwa mdomoni kama kawaida yake. "Miaka ishirini naficha kinywa, Yuri. Kumbe nilikuwa naweka akiba!"

* * *

Nyumbani Lindsay, mji wao mdogo wa mashamba ya machungwa, mezani kulikuwa na karatasi za namna mbili, na nyumba ilikuwa imegawanyika kwa sababu ya karatasi hizo.

Za kwanza zilikuwa za rangi, nzito, zinanukia upya. Zilitoka chuo cha binafsi kilicho pembeni ya duka la magodoro. Miezi tisa, unatoka msaidizi wa daktari wa meno: unamshikia vyombo, unanyonya mate ya mgonjwa kwa bomba, unapiga picha za meno. Bei yake dola elfu kumi na tisa na mia nane, mkopo mtupu, nusu kwa jina la Yuridia na nusu kwa jina la mama yake. Masomo yanaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano. Karatasi za pili zilikuwa nyembamba, za chuo cha umma. Miaka miwili ya masomo ya awali, kemia na mwili wa binadamu. Kisha unaomba nafasi, na kwa waombaji mia mbili na sitini wanachukuliwa ishirini na wanne. Kisha miaka miwili mingine. Ada yote haifiki elfu tisa, na serikali husaidia sehemu kubwa. Msaidizi hulipwa kama dola kumi na tano kwa saa. Msafishaji wa meno hulipwa arobaini na mbili.

Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu angeifanya, utasema. Utasema hivyo kwa sababu si wewe uliyesimama kwenye mkanda wa mashine unaopitisha machungwa ya kuchambua miaka kumi na tisa.

"Miaka minne!" alisema Refugio, baba mtu, mmwagiliaji mashamba mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. "Rais mzima anaingia na kutoka, wewe bado unasoma."

"Tena kama watamchukua," Eufemia alidakia. "Mia mbili na sitini, ishirini na wanne! Hata bahati nasibu ya kanisani ina huruma kuliko hiyo."

"Na hii ya miezi tisa ni elfu ishirini, Mama."

"Elfu ishirini ndiyo pesa ya kuogopa? Lile gari hapo nje tulikopa elfu ishirini na mbili, na sikumwona mtu akilia."

"Gari ukishindwa unalirudisha."

Refugio akapiga meza. "Hapo amekuweza, mke wangu."

Eufemia hakucheka. Kwenye ghala la kupakia machungwa alikuwa amekwisha kuwatangazia wote, kuanzia msimamizi mpaka Chayo, jirani yake wa mkandani mwenye mdomo usio na breki, kwamba binti yake hatasimama pale hata siku moja. Msimu huo mikono yake ilikuwa ikiamka imekufa ganzi, kikombe kinamponyoka. Aliogopa jambo moja na hakulisema: kwamba atachoka kabla binti hajafika popote, na binti atakuja kuziba nafasi yake. Ndiyo maana alibadilishana zamu ya upatu na Chayo, akapokea mapema, akalipa dola mia tatu za kushikia kiti katika chuo cha magodoro.

Yuridia naye hakuwa mtu wa kukaa akingoja. Alikuwa amepeleka barua kwa madaktari wa meno sita akiomba wamfundishe kazi papo hapo. Wote sita walimwambia arudi akiwa na uzoefu. Uzoefu ataupata wapi, hakuna aliyemwambia.

* * *

Wiki mbili kabla ya mtihani, Sonia alikuja na mkate mtamu wa Kireno kumwangalia mgonjwa wake, kama mtu anavyokwenda kumwangalia mbuzi aliyemnunua mapema kwa ajili ya sikukuu. Alimketisha Eufemia karibu na dirisha la jikoni, akawasha tochi, akamwambia afungue mdomo. Refugio alinyanyuka taratibu akatoka nje. Kuna mambo ya mke wako huyatazami mbele ya mgeni, hata kama mmelala kitanda kimoja miaka ishirini na mitatu.

"Safi kabisa," Sonia alisema, kisha akacheka. "Yaani, mchafu kabisa. Kaa hivyohivyo, Bi Eufemia."

"Na siku hiyo utakayeniangalia ni wewe peke yako?"

"Kusafisha nitasafisha mimi. Ila kwanza wanakupeleka nyuma ya pazia, madaktari watatu wanakukagua. Mimi siruhusiwi kuwaona na wao hawanioni. Wanakujua kwa namba tu."

"Madaktari watatu," Eufemia akarudia.

"Usiogope, Mama," Yuridia akamtania. "Safari hii wanachotaka ni uchafu wako."

Mama yake alifunga mdomo, akajifuta kwa kitambaa, akaanza kukata mkate.

Yuridia alimsogezea Sonia zile karatasi za rangi. Alitaka mtu wa fani aseme neno. Sonia hakuzifungua, alizitazama jalada tu, akazirudisha.

"Ninazo zangu nyumbani," alisema. "Za miaka tisa iliyopita. Picha ya jalada wamebadilisha."

"Ulisoma pale?"

"Nikatoka wa pili darasani. Na kazi nilipata mwezi uleule, sitakudanganya. Dola kumi na tatu kwa saa. Nilikopa elfu kumi na nane. Miaka minane nalipa. Nikikwama naomba wanisubiri, wananisubiri, lakini riba haisubiri. Jana nimeangalia. Bado elfu kumi na sita na mia nne."

Eufemia alikuwa ameshika kisu juu ya mkate.

"Lakini kazi ulipata," alisema.

"Nilipata."

"Ya ndani. Penye kiyoyozi. Ya kukaa."

"Ya kukaa umepinda mgongo, ndiyo." Sonia alitabasamu kidogo. "Sisemi ni kazi mbaya. Wapo wenzangu wanaipenda mpaka leo. Ila nilipohamia chuo cha umma, yale niliyosoma kule hawakuyakubali hata somo moja. Nilianza na kemia, nina mtoto mchanga. Sasa nikifaulu mtihani huu, kuna daktari wa meno mjini Visalia ananisubiri kwa dola arobaini na mbili kwa saa. Nikifeli, ni mpaka mwezi wa nane, na dola elfu moja na mia mbili za kufanya upya. Sina." Akamgeukia Eufemia. "Kwa hiyo kula pilipili, kunywa soda, fanya utakavyo. Meno yako niachie mimi."

Alipoondoka, Eufemia alifuta meza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Ana wivu huyo," alisema. "Yeye yamemshinda, anataka kila mtu apite njia ndefu."

"Mama, amekuonyesha deni lake!"

"Deni ni kama chupi, halionyeshwi kwa mgeni. Anayelionyesha ana lake jambo."

* * *

Sasa niseme jambo ambalo watu wa Lindsay walilicheka baadaye, na mimi sikuona cha kucheka.

Eufemia ni mtu anayepiga pasi hata matambara ya kukaushia vyombo. Akienda kwa daktari wa miguu huosha miguu mara tatu. Alilelewa na mama aliyewasugua watoto visigino kwa jiwe kabla ya kuwapeleka zahanati, maana daktari ni daktari, na maskini hana heshima nyingine ya kumpa ila usafi wake. Na sasa madaktari watatu wangemlaza chini ya taa, wafungue kinywa chake, waone. Uchafu wako, mwanawe mwenyewe alikuwa amesema. Neno hilo lilimkaa kwenye mkanda, likamkaa kanisani, likamkaa akikanda unga wa chapati za mahindi.

Alhamisi alasiri, siku mbili kabla ya mtihani, akitoka kazini, alipita gulioni akanunua vichuma vya meno kwa dola nne, vitatu katika mfuko wa plastiki. Nyumbani hapakuwa na mtu. Refugio alikuwa mashambani na Yuridia alikwenda kuulizia ruzuku chuoni. Alisimama mbele ya kioo cha bafuni, jua likiingia dirishani, akaanza.

Hakuwa mjinga. Alijua Sonia anauhitaji ugaga ule. Alijiambia ataondoa wa mbele tu, unaoonekana, na wa nyuma amwachie msichana afanyie mtihani wake; mgeni unamkaribisha sebuleni, humwonyeshi stoo. Lakini mikono iliyochambua machungwa miaka kumi na tisa haijui kuacha kazi katikati. Kipande cha kwanza kiliruka kikalia kwenye sinki, naye akashangaa raha aliyoiona. Kikafuata kingine, na kingine, mbele, pembeni, hata kule ambako kidole kilifika kwa taabu. Ijumaa akaendelea. Fizi zilitoka damu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akajitazama. Ilikuwa miaka mingi hajajiona nadhifu namna ile.

* * *

Jumamosi ya mtihani alivaa gauni lake la kanisani. Yuridia alibaki ukumbini na wasindikizaji wengine. Ndani, Sonia alimlaza Eufemia, akampima presha, akavaa glavu, akapitisha kichuma chake kwenye jino la kwanza. Mkono ukasimama. Ukarudi, ukapita tena polepole.

"Bi Eufemia. Kuna mtu amekusafisha?"

"Hajanigusa mtu yeyote!" Alisema kwa fahari ya aliyetimiza ahadi. "Nimejisafisha mwenyewe, kidogo tu, usije ukaaibika mbele ya madaktari. Wa nyuma nimekuachia."

Sonia alifumba macho. Hakuwa na mgonjwa wa akiba. Aliyekuwa wa akiba alichukua dola hamsini za utangulizi akahamia mji mwingine, Fresno. Akaandika namba kwenye karatasi, akampeleka Eufemia mpaka kwenye pazia, akarudi akasimama kando ya kiti kitupu huku wenzake kushoto na kulia wakiinamia vinywa vya wagonjwa wao.

Baada ya dakika ishirini Eufemia alirudishwa, karatasi ameishika kwa mikono miwili. Zilitakiwa sehemu kumi na mbili zenye ugaga. Madaktari walikuta nane. Mgonjwa amekataliwa.

"Tumefaulu?" Eufemia aliuliza.

Sonia alisoma, akaikunja karatasi mara nne.

"Wamesema una meno mazuri, Bi Eufemia," alisema, akaanza kukusanya vyombo vyake.

Ukweli Eufemia aliusikia nje, kwenye maegesho, kutoka kwa binti yake. Sonia alikuwa amekaa ukingoni mwa njia, mkoba wa vyombo miguuni, na Yuridia aliiomba ile karatasi, akaisoma, akamgeukia mama yake akamweleza neno kwa neno, bila kupunguza. Alikuwa amemtafsiria tangu ana miaka saba: hospitalini, benki, kwa mwenye nyumba. Hakuwahi kumtafsiria kitu kizito namna ile.

"Ni mimi?" Eufemia alisema. "Mimi ndiye niliyeharibu?"

"Ndiyo, Mama."

Eufemia alifungua mkoba akatoa vyote vilivyokuwamo, dola arobaini na tatu na sarafu, akamsogezea Sonia. "Mia yako ya kwanza ililipa umeme. Nyingine nitaleta Ijumaa tukilipwa. Na Ijumaa nyingine. Nitaleta zote."

"Niliomba kitu kimoja!" Sonia alipiga kelele, na watu waliokuwa wakifungua magari yao wakageuka. "Kimoja tu! Nani alikuambia uje umependeza? Nilikuomba uje ulivyo!"

Eufemia alisimama akapokea maneno hayo, kichwa chini, mkono wenye pesa bado umenyooshwa. Sonia akajifuta uso kwa kiwiko. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Rudisha pesa yako, Bi Eufemia. Weka."

"Nitakulipaje basi? Niambie nikulipe nini."

Sonia alimtazama Yuridia, kisha mama yake. "Mwezi wa nane nitarudi hapa. Nitakopa, nitaomba, nitatafuta kinywa kingine, lakini nitarudi, na nikifaulu nitalimaliza deni la chuo hiki. Lile la kwanza, la chuo kile cha miezi tisa, sijui litaisha lini. Mama yangu naye alinisainia, kwa mapenzi kabisa, kama wewe." Akanyanyuka, akajipangusa suruali. "Ukitaka kunilipa, usimsainie huyu."

* * *

Ungedhani Eufemia angelainika hapo. Wapi! Jumapili, wametoka kanisani na maharage yako mezani, alikuwa mkali kuliko mwanzo.

"Umeona kwa macho yako," alimwambia Yuridia. "Mtu anasoma miaka minne. Anatokea kibibi mmoja mpumbavu na kichuma cha dola nne, anaizamisha yote. Hiyo ndiyo njia unayoitaka?"

"Mama, usijiite hivyo."

"Nijiite nani? Nimeharibu maisha ya mtoto wa mwenzangu, ya kwako siharibu. Kesho tunakwenda, nasaini, umekwisha mjadala."

"Na nikimaliza hiyo miezi tisa nikapata kumi na tatu kwa saa, atalipa nani? Nusu ni jina lako! Wewe na mikono hiyo!"

"Mikono yangu usiiguse!"

Yuridia alikuwa amekwisha kusimama, analia kwa hasira. Refugio alivuta kiti chake karibu. Alimsogezea mke wake sahani.

"Kula, Femia," alisema. "Kula kwanza."

* * *

Mshauri wa chuo cha magodoro aliitwa Kendra, na alikuwa mpole, sitamsingizia. Jumatatu saa mbili asubuhi aliwapokea kwa kahawa na kalamu mpya yenye jina la chuo. Eufemia alikuwa ameomba ruhusa ghalani mpaka saa nne. Karatasi zilikuwa tayari, mahali pa kusaini pamebandikwa vishale vya njano. Ukutani walitabasamu wahitimu waliovaa sare za zambarau.

"Nina swali moja," Yuridia alisema. "Waliosoma hapa wanapata kiasi gani?"

"Wapo wanaofika dola kumi na nane kwa saa."

"Sikuuliza wanaofika. Nauliza wa katikati. Ukiwapanga wote mstari, yule wa katikati."

Kendra akafanya jambo la haki ambalo nadhani hakuna aliyemwamuru: akageuza kompyuta yake upande wao. Takwimu zilikuwepo, za wazi, mtu yeyote angeziona kama angejua pa kutafuta. Miaka mitatu baada ya kumaliza, mhitimu wa katikati alipata dola elfu ishirini na tatu kwa mwaka, kwa kuwa wengi hawapewi saa za kutosha.

"Mama," Yuridia aliuliza kwa Kihispania, "mwaka jana karatasi yako ya kodi ilisema ngapi?"

"Kwa nini unaniuliza mbele za watu?"

"Ngapi?"

"Ishirini na moja," Eufemia alinong'ona. "Elfu ishirini na moja na kidogo."

"Hawa wanapata ishirini na tatu. Wakitoa ya mkopo, mwezi kwa mwezi, wanabaki chini yako."

Eufemia aliitazama namba ile kwenye kioo. Hakuhitaji Kiingereza kuisoma. Kalamu ilikuwa bado mkononi. Kichwani mwake alikuwa amemtoa binti mkandani, akamvika sare, akamweka penye kiyoyozi, miaka yote hiyo. Na mahali penyewe palikuwa hatua mbili tu kutoka pale alipomtoa.

"Nilifikiri," alisema, asimalize.

Yuridia aliichukua kalamu vidoleni mwake akailaza juu ya karatasi.

"Na zile mia tatu?" Eufemia aliuliza wakiwa mlangoni.

Yuridia akauliza kwa Kiingereza. Hazirudi, Kendra alisema, kwa sababu darasa limeanza leo. Na uso wake ulionyesha kweli anasikitika.

* * *

Saa ilikuwa tatu na nusu na gari ni moja. Walikwenda moja kwa moja ghalani. Kwenye lango Yuridia akatoa mkanda wa kiti.

"Wanatafuta watu mpaka msimu uishe," alisema. "Msimamizi ameniambia kwa simu. Masomo ya kemia yanaanza mwezi wa nane. Vitabu peke yake ni mia mbili na hamsini."

"Hapana."

"Mama."

"Nimesema hapana. Chochote, lakini si humo."

"Niambie basi pengine pa kupata mia mbili na hamsini."

Eufemia alishika usukani kwa mikono yote miwili. Alitaka kusema hata nikiiba, hata nikiuza nini. Lakini alikuwa amefikisha umri wa kujua kwamba hana cha kuuza. Aliteremka, akabamiza mlango, akatangulia bila kutazama nyuma, na alisikia hatua za binti yake zinamfuata kwenye changarawe.

Mkanda ulikuwa tayari unanguruma. Msimamizi alimpa Yuridia aproni na neti ya nywele, akamwelekeza kwa kidole aende kwa mama yake. Wanawake kumi na wanne waliinua vichwa kwa pamoja.

"Femia!" Chayo alipaza sauti juu ya mashine. "Huyu si ndiye yule daktari wako wa meno?"

Kicheko kilianza kwake kikapita mtu kwa mtu mpaka mwisho. Yuridia aliinamisha uso akajifanya anafunga aproni. Eufemia aliona shingo ya mwanawe inageuka nyekundu, na moyo ukamuuma kuliko alivyoumwa kwenye maegesho.

"Ndiye," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa mzee anayepima kreti kwenye mizani mwishoni mwa ghala. "Na ni mimi niliyemleta."

Chayo aliyarudia machungwa yake. Eufemia akamvuta Yuridia kwa kiwiko, akamsimamisha mahali pake, juu ya mkeka wake wa mpira wa kupunguzia miguu maumivu, na yeye akasogea kwenye saruji tupu.

"Machungwa yenye kovu kushoto," alimwambia. "Mazima kulia. Usitazame saa."